Tumbaku ya kiko: ikauke kiasi gani kabla ya kuwashwa

Kopo jipya la tumbaku ya kiko likifunguliwa, mara nyingi kilichomo hakijawa tayari kuvutwa. Tumbaku nyingi hutoka kiwandani ikiwa na unyevu wa asilimia 18 hadi 22 ya uzito wake, na zipo zinazopita hapo. Inayowaka vizuri, kwa wavutaji walio wengi, ni ile yenye asilimia 12 hadi 14. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayofanya kiko kikorome, ulimi ubabuke na njiti za kiberiti ziishe kabla bakuli la kiko halijafika nusu. Kiwanda nacho kina sababu zake: jani lenye unyevu halivunjiki kwenye mashine wala njiani, na dukani hukaa likiwa laini kwa muda mrefu. Kazi ya kulipunguzia maji ameachiwa mnunuzi.

Ushauri unaosikika zaidi ni "iache wazi nusu saa." Nusu saa ya wapi? Ya Dodoma mwezi wa Septemba, saa nane mchana, inaweza kuikausha tumbaku ya nyuzi nyembamba mpaka ivunjike. Ya Tanga mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha, haiipunguzii kitu, na huenda ikaiongezea. Anayeishi Minneapolis au Oslo, nyumba ikipashwa joto wakati wa baridi, ana hewa kavu ndani kuliko anayokutana nayo mtu wa pwani mwaka mzima. Kwa hiyo muda unaotajwa humu ni wa kukadiria tu. Vinavyoamua ni vidole na mizani.

Jambo moja lisemwe mapema: kukausha hakupunguzi nikotini wala lami, na kiko huleta saratani ya mdomo na ya koo hata kwa asiyemeza moshi. Mwongozo huu unahusu namna tumbaku inavyowaka, basi.

Maji yakizidi, maji yakipungua

Moto unapokutana na tumbaku mbichi, joto lake hutumika kwanza kuchemsha maji. Mvutaji akiona moto unafifia huvuta kwa nguvu zaidi, na hapo moto unapanda kuliko inavyotakiwa huku mvuke ukipita kwenye shina mpaka ulimini. Ulimi uliobabuka baada ya kiko, aghalabu, umebabuliwa na mvuke huo. Sehemu ya mvuke hukutana na shina lililopoa, ikageuka maji, ikachanganyika na lami. Kukoroma kwa kiko kunaanzia hapo. Ladha hufifia, na chini ya bakuli hubaki donge jeusi lililolowa ambalo haliwaki hata ulitie njiti tano.

Iliyokauka kupita kiasi ina balaa lake. Inateketea haraka, inachoma kuta za bakuli, moshi wake ni mwembamba na unakwaruza koo, na utamu wa tumbaku aina ya Virginia pamoja na harufu nyepesi hupotea. Ikipondeka, vumbi lake hushuka mpaka kwenye tundu la hewa na kuliziba. Hata hivyo, ukilazimika kukosea, kosea upande wa ukavu. Tumbaku iliyokauka kidogo kupita kipimo bado inavutika ukishindilia kidogo zaidi na kuvuta taratibu. Iliyolowa haina namna.

Vidole

Chukua kiasi cha kujaza bakuli moja, ikaze kati ya vidole vitatu, hesabu hadi tatu, kisha achia. Ikibaki imeshikana kama ulivyoiminya, bado ni mbichi. Ikifunguka yenyewe polepole, nyuzi zikainuka bila kutoa sauti, imefika. Ikifumuka ghafla na ukasikia mchakacho hafifu ukiisogeza sikioni, imeanza kupita. Ikiacha vumbi kwenye vidole, imeshapita.

Kuna kipimo kingine ambacho watu hukisahau, nacho ni ubaridi. Weka tumbaku kidogo juu ya mdomo wa juu au nyuma ya kiganja. Iliyo mbichi huhisi baridi kwa sababu maji yanapokauka huchukua joto la ngozi. Iliyofika huhisi sawa na karatasi. Kipimo hiki ni kizuri hasa kwa mtu mwenye viganja vya jasho, ambaye vidole vyake humdanganya.

Usipime tumbaku ikiwa ya moto. Iliyotoka kwenye oveni au chini ya taa huwa laini hata kama imekauka, na ugumu wake hujitokeza inapopoa. Isubiri dakika tano ndipo uiguse.

Mizani

Anayetaka kupata matokeo yaleyale kila siku atafute mizani midogo ya kidijitali inayosoma sehemu ya mia ya gramu, ile ya masonara. Bakuli moja la kiko cha kawaida hubeba gramu 2 hadi 3 tu, kwa hiyo maji unayotaka kuyatoa ni kama robo ya gramu. Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzimanzima itakufaa pale tu unapokausha kopo zima.

Njia nyepesi haihitaji kujua unyevu wa mwanzo. Pima gramu 5 kutoka kwenye kopo jipya. Ikaushe ukiipapasa kila baada ya dakika chache, na ikifika pale vidole vyako vinapoparidhia, pima tena. Tuseme imebaki gramu 4.60: imepoteza 0.40, yaani asilimia 8. Ivute uone. Ikikoroma, awamu ijayo shuka mpaka asilimia 9 au 10. Ikiunguza koo na kwisha upesi, rudi asilimia 6 au 7. Ukiridhika, andika namba hiyo kwenye kipande cha karatasi ubandike chini ya kopo. Tangu hapo huna haja ya kubahatisha: gramu 2.50 kutoka kwenye kopo hilo zikaushwe mpaka 2.30. Namba hiyo ni ya kopo linalofungwa vizuri. Kopo linalofunguliwa kila siku kwa miezi miwili limeshapoteza maji lenyewe, na likipunguziwa tena asilimia 8 utavuta makapi.

Pima tumbaku peke yake, au juu ya sahani ya bati. Karatasi nayo hunywa unyevu na kuutoa, na kwenye gramu 2 kosa lake linaonekana.

Njia ya pili inakupa unyevu wenyewe. Weka gramu 2.00 kwenye kipande cha karatasi ya alumini, iingize kwenye oveni yenye nyuzi joto 100 hadi 105 kwa saa tatu, kisha pima mara tu itakapopoa kabla haijanyonya unyevu wa hewa. Ikibaki 1.60, tumbaku yako ilikuwa na maji asilimia 20. Sampuli hiyo ni ya kutupwa. Hesabu hii huelekea kuzidi kidogo, kwa sababu mafuta ya harufu na vilainishi navyo huondoka na joto hilo; kwa tumbaku zenye harufu nyingi za kuongezwa isiaminike sana.

Ukishajua unyevu wa mwanzo, chukua uzito wa tumbaku kavu, yaani bila maji yake yote, ugawe kwa 0.87, upate uzito wa kufikia ili ibaki na asilimia 13. Kwa kopo la gramu 50: iliyoanza na asilimia 18 iishie gramu 47.1, iliyoanza na 20 iishie 46.0, iliyoanza na 22 iishie 44.8, na ile ya asilimia 25, maana zipo, iishie 43.1. Wengi hukosea hapa kwa kutoa 13 kwenye 20 na kudhani wanatakiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito. Ukifanya hivyo utaishia gramu 46.5, na unyevu utakuwa asilimia 14. Kosa ni dogo, ila linatosha kutofautisha kiko kinachowaka na kile kinachoombwa kiwake.

Haigromita ndogo ya kidijitali, yaani kipimo cha unyevu wa hewa, inasaidia kwa namna nyingine. Itie pamoja na tumbaku kwenye chupa ya kioo iliyojaa angalau nusu, funga, uiache usiku kucha. Hewa ya ndani hulingana na tumbaku. Ikisoma asilimia 60 hadi 65, tumbaku iko tayari au karibu. Ikipita 70, bado. Ikipita 75, hiyo si ya kuhifadhi hivyo hivyo, kwani ukungu unaweza kuota. Kabla ya kuiamini haigromita, ijaribu: weka kijiko cha chumvi kwenye kizibo, dondoshea maji kidogo iwe uji mzito usioyeyuka, ifungie pamoja na haigromita kwenye mfuko usiopitisha hewa kwa saa nane au zaidi. Inatakiwa isome 75. Ikisoma 71, ongeza 4 kila unapoitazama.

Kutandaza

Anza kwa kuifumua. Tumbaku iliyoshikana hukauka nje na kubaki mbichi ndani, na hiyo ndiyo inayowadanganya wengi: vidole vinagusa ngozi ya juu, vinasema tayari, kisha kiko kinakoroma katikati. Fleki, yaani vile vipande bapa vinavyokatwa kutoka kwenye tofali la tumbaku iliyoshindiliwa, zisugue kati ya viganja mpaka ziwe nyuzi. Ukipenda kuzivuta zikiwa zimekunjwa, zitandaze moja moja zisilaliane, na uzipe muda mara mbili au tatu ya ule wa nyuzi.

Mahali pa kutandazia pawe sinia la bati, sahani ya kauri, au karatasi nyeupe isiyochapwa. Gazeti halifai, wino wake una harufu. Ungo unafaa sana kwa sababu hewa hupita chini na juu, mradi uwe mpya na usiwahi kupepetewa dagaa. Tumbaku hunasa harufu upesi kuliko watu wanavyofikiri. Chumba kilichofukizwa udi asubuhi kitakupa kiko cha udi jioni, na jikoni panapokaangwa samaki ni pa kukaa mbali kabisa.

Tandaza safu moja, usirundike. Ukikausha kopo zima, unene usizidi sentimita moja, na ugeuze kila baada ya dakika kumi. Pangaboi likizunguka polepole huharakisha kazi, ila nyuzi nyembamba hupeperuka. Zifunike kwa chekeche la unga lililogeuzwa, au kawa. Katika chumba chenye hewa ya wastani, nyuzi nyembamba huchukua dakika 15 hadi 30, fleki iliyosuguliwa dakika 30 hadi 60, fleki nzima saa moja hadi tatu.

Isitishe kabla haijafika kabisa. Ikibakiza kidogo, irudishe kwenye chupa, funga, iache saa moja. Unyevu uliobaki ndani ya vipande utasambaa sawasawa. Ipapase tena. Mara nyingi utakuta iliyokuwa "imekauka" imelainika, na inahitaji dakika kumi nyingine siniani. Kwa fleki nene hatua hii si ya kurukwa.

Hewa ya pwani na msimu wa masika

Tumbaku hutoa na kunywa maji mpaka ilingane na hewa iliyoizunguka. Hewa yenye unyevu wa asilimia 60 huipeleka karibu na asilimia 12 au 13. Hewa ya asilimia 80 huifanya ibaki mbichi hata ikae wiki. Mkulima wa Urambo au Chunya hahitaji kuelezwa hili. Tumbaku yake ya mvuke ikitoka kwenye joto la mwisho la bani (banda la kukaushia), ambalo hufika kama nyuzi 70, jani huwa limekauka kiasi cha kupukutika likiguswa. Bani hufunguliwa, hewa ya usiku ikaingia, na jani likalainika lenyewe ndipo lishushwe na kufungwa. Mvutaji anafanya kazi hiyohiyo kwa kurudi nyuma.

Kwa hiyo Dar es Salaam, Mombasa na Unguja, chagua saa. Asubuhi hewa imejaa maji. Mchana, kuanzia saa saba hadi saa kumi, unyevu hushuka, hasa siku ya jua. Hapo ndipo pa kutandazia. Siku za masika ambazo hata mchana hauna nafuu, chumba chenye kiyoyozi ndicho rahisi kuliko vyote, kwani kiyoyozi hutoa maji hewani kinapopoza. Kiwashe nusu saa kwanza, milango na madirisha yakiwa yamefungwa, ndipo uweke sinia, mbali na mkondo wa upepo wake. Wanaoishi Muscat na Dubai wanalijua hili bila kufundishwa: nje kiangazi pana jasho, ndani panakausha midomo.

Bila kiyoyozi, tumia silika jeli, punje zinazonyonya unyevu. Kwa gramu 25 za tumbaku weka gramu 10 za silika ndani ya kitambaa chepesi, vifungie pamoja kwenye chupa visigusane. Usiviache usiku kucha. Silika haijui kusimama kwenye asilimia 13. Itaendelea kunyonya mpaka tumbaku ipite kipimo. Kagua kila baada ya saa mbili, na ukifikia uzito wako itoe. Vile vipakiti vinavyokutwa kwenye boksi la viatu kwa kawaida vimeshashiba maji tangu siku boksi lilipofunguliwa. Punje zilizo wazi zinaweza kukaushwa tena kwenye oveni ya nyuzi 110 hadi 120 kwa saa moja au mbili. Zilizo ndani ya pakiti la plastiki usizijaribu.

Mchele wa dukani hausaidii. Wenyewe una unyevu wa karibu asilimia 13, hivyo hauna kiu. Ukiukaanga utapata kiu, lakini pia utapata harufu ya bisi kwenye tumbaku.

Kutumia joto

Joto ni la dharura, au la tumbaku ngumu zisizokauka kwa hewa. Oveni iwe nyuzi 70 hadi 80, mlango uwe wazi kidogo ili mvuke utoke, na utoe sinia kila baada ya dakika tano kulipima. Oveni ikifungwa kabisa, mvuke hubaki humo na tumbaku inapikwa. Taa ya kizamani yenye waya unaowaka, ya wati 40 au 60, ikiwa sentimita 30 juu ya sinia, hufanya kazi kwa dakika kumi hadi ishirini. Taa za LED hazitoi joto la kutosha, usijisumbue.

Mikrowevu inakausha vibaya: sehemu moja inaungua na nyingine bado mbichi. Asiye na njia nyingine aitie sekunde tano, aitoe, aikoroge, airudishe tena sekunde tano. Jua kali nalo hupausha jani na kuondoa harufu nyepesi kwanza, zile zilizofanya kopo liwe ghali. Kivuli chenye upepo kinatosha. Juu ya jiko la mkaa usiweke kabisa, tumbaku itatoka ina harufu ya mkaa, na chumba kilichofungwa chenye mkaa ni hatari kwako mwenyewe kabla ya kuwa hatari kwa tumbaku.

Kila tumbaku na kiasi chake

Virginia tupu, hasa fleki, hupenda kubaki na unyevu kidogo, asilimia 13 hadi 14, maana utamu wake hupotea haraka ikikauka. Hapo ndipo penye mtego, kwa sababu fleki za Kiingereza ndizo hufika zikiwa zimelowa zaidi. Full Virginia Flake ya Samuel Gawith, kampuni ya mji wa Kendal, Uingereza, iliyoanza mwaka 1792, inajulikana kwa hilo: ukiitoa koponi huacha unyevu vidoleni. Isugue, itandaze, usiionee huruma. Kupunguza asilimia 8 hadi 10 ya uzito si ajabu kwake.

Michanganyiko yenye Latakia, ile tumbaku iliyofukizwa moshi wa kuni, kwa kawaida huja ikiwa nyuzi na hukauka upesi. Huvumilia ukavu vizuri. Asilimia 12 haiharibu kitu. Burley, tumbaku inayokaushwa kwa hewa, ndiyo inayopenda ukavu kuliko zote, na mvuke wake ukizidi huuma ulimi kwa ukali. Tumbaku ya moshi, jamaa wa ile ya Ruvuma na Malawi, ina jani nene lenye mafuta: huonekana bado mbichi wakati maji yameshatoka. Hiyo ipime kwa mizani, vidole vitakuchelewesha.

Tumbaku ya kamba, kama zile nyeusi za kampuni ya Gawith Hoggarth au ya kusokotwa inayouzwa sokoni, ikatwe vipande vyembamba vya milimita moja au mbili kwa kisu kikali, ifumuliwe, ndipo itandazwe. Ikiwa nzima hukauka polepole mno, ngozi yake ya nje inazuia. Ya sokoni haina kopo wala lebo, na kama imenyunyiziwa maji ili isikatike, unyevu wa fungu moja haufanani na wa fungu la jirani yake. Ikaushe kila mara kwa kipimo chake. Nikotini yake ni nyingi. Jaza nusu ya bakuli, na ukihisi kizunguzungu simama uache.

Zilizobaki ni tumbaku zenye harufu za kuongezwa, vanila, cheri, ramu na nyingine, na hapa vidole na haigromita vyote viwili hudanganya. Nyingi hutiwa propilini glaikoli au gliserini, vimiminika vinavyoshika maji na ambavyo vyenyewe havikauki kwa hewa ya kawaida. Tumbaku kama 1-Q ya Lane au Captain Black unaweza kuitandaza mpaka kesho, bado itashikana ukiiminya. Haigromita nayo husoma chini kuliko hali halisi, kwa sababu vilainishi hivyo hushika maji yasiende hewani. Usiisubiri iwe kavu mkononi. Ipunguze asilimia 5 hadi 7 ya uzito, au iache wazi saa moja hadi mbili, kisha ijaze kwa ulegevu kuliko kawaida na uivute polepole. Kiko cha gunzi la mahindi kinaifaa zaidi kuliko cha mti, maana gunzi hunywa maji. Chujio la kaboni la milimita 9, kwa viko vyenye nafasi yake, husaidia vilevile.

Kiko kinavyokuambia

Baada ya kuwasha mara ya kwanza na kushindilia majivu ya juu, tumbaku iliyokaushwa vizuri huhitaji kuwashwa tena mara moja, mbili, labda tatu hadi mwisho. Ukiwasha mara sita na zaidi, mtuhumiwa wa kwanza ni unyevu. Majivu yakiwa ya kijivu hafifu na laini hadi chini, umepata. Ukimaliza ukakuta donge jeusi lenye maji, awamu ijayo punguza asilimia 2 nyingine ya uzito.

Ila kiko hukoroma kwa sababu nyingine pia, na ni vibaya kuilaumu tumbaku kwa kosa la mkono. Anayevuta harakaharaka hutengeneza maji hata kwa tumbaku kavu, kwani moto wenyewe huzaa mvuke. Mate yakishuka kwenye mdomo wa kiko huleta sauti ileile. Bakuli lililoshindiliwa sana nalo humlazimisha mvutaji anyonye kwa nguvu. Ili kujua mchawi ni nani, vuta tumbaku hiyohiyo kwenye kiko kingine kilicho kikavu, kwa mwendo wa pumzi moja kwa sekunde kama ishirini. Kikinyamaza, tumbaku haina kosa. Kiko kikianza kukoroma katikati, pitisha kijiti cha kusafishia mpaka kwenye tundu la bakuli, kiache sekunde chache kinyonye, kitoe, uendelee.

Kiko kilichovutwa leo nacho kina maji ndani ya kuta zake. Kikipumzika siku mbili, tumbaku ya asilimia 14 itawaka ndani yake kama ya 13.

Iliyopita kipimo

Tumbaku iliyokauka kupita kiasi hurudishwa, ila harufu iliyotoroka hairudi. Kwa anayeishi pwani kazi ni nyepesi: sinia likae wazi usiku mmoja karibu na dirisha, asubuhi tumbaku imelainika. Kwa wa bara, weka tumbaku kwenye bakuli, funika mdomo wa bakuli kwa kitambaa safi kilicholoweshwa na kukamuliwa, kisigusane na tumbaku, na ukague kila saa. Njia ya haraka ni kunyunyizia maji yaliyochujwa kwa chupa yenye ukungu laini wa maji, mara moja au mbili kwa gramu 25, kukoroga, kisha kufungia kwenye chupa kwa siku nzima. Kwa mizani hesabu ni ileile: gramu 25 zenye asilimia 8 zinahitaji gramu 1.4 za maji kufika 13. Ni matone machache kuliko mkono unavyotaka kumimina.

Kipande cha tofaa, cha kiazi au ganda la chungwa visiwekwe ndani ya chupa. Vinalainisha, kweli, na vinaleta ukungu vilevile.

Kuhifadhi

Kausha kinachokutosha siku moja au mbili, kilichobaki kiache na unyevu wake. Tumbaku ya kukaa miaka huhifadhika vizuri ikiwa laini kiasi, haigromita ikisoma kama 62 hadi 65, kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha mpira, mahali penye giza pasipobadilika joto. Chupa za jamu na achari zinafaa kwa umbo, si kwa harufu: sehemu ya ndani ya kifuniko cha achari haitoki pilipili na siki hata ukiiosha wiki nzima. Friji si mahali pake. Ikitolewa humo ikiwa ya baridi na kufunguliwa papo hapo, hewa ya joto huacha matone juu yake.

Fleki za zamani wakati mwingine hutoka na chembe nyeupe zinazong'aa. Zitazame kwa kioo cha kukuzia. Fuwele zilizolala juu ya jani, zisizo na nyuzi na zisizobadilisha harufu, hazina shida, vuta. Ukiona manyoya, au utando wa kijivu au kijani, au pua ikapata uvundo wa godoro lililolowa, huo ni ukungu. Usijaribu kuukausha wala kutenga sehemu safi, maana nyuzi zake zimeshapita pasipoonekana. Tupa yote iliyomo, chemsha chupa, na mpira wa kifuniko ubadilishe.